Tanga, jiji la kuishi?

Ndugu yangu, umeuliza Tanga ina nini hasa hadi isifiwe kuwa jiji zuri la kuishi. Njoo Ngamiani, kitongoji cha hapa mjini, asubuhi: mitaa imenyooka, inaitwa kwa namba, na mama wa buibui anapita na baiskeli yake, kapu la mboga nyuma, hana haraka na mtu. Kwangu mimi hiyo yatosha. Mazingira nayo yamo. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, kupata fedha za miundombinu ya maji. Kwenye majengo ya kale ndipo ninaposita. Boma la Mjerumani lilikarabatiwa, sasa ni makumbusho, hongera zao. Lakini inua macho ukipita mjini: roshani za mbao zinalika na chumvi, na mti umeota ukutani.