Nyumbani mpole, akifungwa kamba barabarani anawaka

SWALI: Shikamoo dokta. Nipo Ilazo hapa Dodoma, nina mbwa dume wa miaka miwili, nyumbani hana neno na usiku akifunguliwa anacheza vizuri tu na mbwa wa jirani. Shida ni jioni nikimtoa na kamba, akiona mbwa mwingine manyoya yanasimama, anabweka, anavuta mpaka bega linauma. Nimeanza kumchapa fimbo lakini ndo kwanza anazidi. Mzee anasema huyu ameshaharibika nimgawe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kwanza fimbo iache leo leo. Mbwa wasiojuana wakikutana wakiwa huru hawaendani uso kwa uso, wanazunguka, mmoja anageuza kichwa pembeni, ananusa chini, na asiyetaka shari anaondoka zake. Sasa wako umemfunga kamba fupi, mnapita kichochoro ukuta huku ukuta huku, na mwenzie anakuja mbele yake moja kwa moja, kukimbia hawezi, kuzunguka hawezi, basi anapiga kelele ili yule aondoke, na kweli anaondoka kwa sababu mnapishana mnaenda zenu, kwa hiyo yeye anajua kelele zake ndo zimemfukuza na kesho anarudia kwa nguvu zaidi. Wengine wala sio woga, wana hamu ya kumfikia mwenzao na kamba inawazuia, wanapandwa na hasira. Yule wa jirani anamjua, wa barabarani hamjui, hayo ni mambo mawili tofauti. Na mbwa wetu wengi wanakulia bandani, zile wiki za 3 mpaka 12 hivi ambazo mtoto wa mbwa anazoea vitu vipya kirahisi zinapita hajaona mgeni yeyote.

Ukimchapa pale anajifunza kwamba mbwa mwingine akitokea na maumivu yanakuja. Tena unaweza kumnyamazisha asingurume halafu siku moja akang'ata bila kuonya, hiyo naiogopa kuliko kelele zote.

Mwangalie kabla hajabweka: mdomo unafunga ghafla, mwili unakakamaa, macho yanaganda kwa yule mbwa, mkia uko juu umekaza unatikisika kidogo (watu wanadhani amefurahi, hapana). Hapo hapo geuka naye muondoke bila kumkwida.

Mazoezi yafanye alfajiri kwenye uwanja wa wazi, achana na vichochoro. Chemsha maini ya kuku, katakata vipande vidogo, simama mbali kiasi kwamba mbwa mwingine anamwona lakini bado anakula, kila akimtazama mpe kipande, yule akipotea na maini yanaisha. Akigoma kula ujue mmekaribia mno, rudi nyuma. Mkienda hivyo taratibu kwa wiki kadhaa ule umbali unapungua wenyewe. Kamba ilegee muda wote, na kama unaweza pata mkanda wa kifuani, mnyororo wa shingoni unamkaba na kumzidishia presha.

Kumgawa bado sana. Ila kama haya yameanza ghafla mpeleke kwa daktari wa mifugo, mbwa mwenye maumivu ya sikio au mguu hataki kusogelewa. Na chanjo ya kichaa cha mbwa apate kila mwaka, koko wa mtaani huwezi kuwakwepa wote, na wewe uking'atwa katikati ya ugomvi osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo.