Ndago hung'olewa kiangazi: niliyojifunza kwenye kiwanja cha nyumbani Muheza

Nilirudi nyumbani Muheza mwezi wa Machi, masika ndiyo kwanza yanagonga bati, nikiwa na majembe mawili mapya na ari ya mtu aliyekaa Dar es Salaam miaka kumi na mbili bila kushika udongo. Nyuma ya jiko, pale mama alipokuwa akipanda mchicha, magugu ya ndago yalikuwa yametanda kama mkeka. Nikalima. Siku nne nilikatua ardhi ile hadi ikawa nyekundu tupu, nikapiga picha nikawatumia ndugu zangu. Shangazi alipita njiani akielekea kisimani, akasimama, akatazama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umezipanda vizuri."

Nilidhani kakosea kusema. Wiki ya tatu, ndago zilipoota mara tatu ya zile za mwanzo, nikajua hakukosea.

Kiwanja chetu ni kama nusu ekari: nyumba, jiko la nje, michungwa kumi na mitatu, minazi michache, migomba upande wa bafu na kipande cha mboga. Si shamba la biashara. Ni pale nyumbani tu, pa kupaweka safi ili nyoka wasijifiche na majirani wasiseme. Lakini kazi yake haina tofauti na ya shamba, na kosa langu kubwa halikuwa uvivu. Nilikuwa nafanya kazi ya kiangazi wakati wa masika, na ya masika wakati wa kiangazi.

Chukua hiyo ndago. Ukiichimbua taratibu utakuta vitunguu vidogo vyeusi vimeunganishwa kwa vizizi vyembamba kama shanga za tasbihi. Kile cha juu kikiwa kimetoa jani, wenzake wa chini hulala. Jembe likipita linaukata ule uzi, na kila kitunguu kilichobaki peke yake kinaamka na kutoa jani lake. Udongo ukiwa na maji, ndani ya siku chache unayaona. Ndiyo maana shangazi alisema nimepanda: nilichukua mmea mmoja nikaugawa vipande sita, nikavifukia, na Mungu akamwagilia.

Kwetu vuli huisha Desemba, kisha Januari na Februari jua linakuwa la kweli, kaskazi inavuma, na udongo unakauka hadi vidole vinne kwenda chini. Huo ndio wakati wa ndago. Situmii tena jembe la kawaida, natumia jembe uma, lile la meno manne, maana halikati, linainua. Nalizamisha kiasi cha futi moja pembeni ya shina, nainua bonge zima, nalipasua kwa mkono, nakung'uta, natoa vitunguu na uzi wake. Vitunguu vingi viko karibu na juu, lakini uzi unakwenda mbali kuliko unavyodhani, kwa hiyo ukiona umekatika mkononi, ufuate. Navitandaza juu ya kipande cha bati kuukuu, navigeuza kila nikikumbuka, vinakaa wiki mbili hadi vinakuwa vyepesi na vikavu kama kokwa za zamani. Usiviache juu ya udongo wa bustani. Manyunyu ya usiku mmoja yanatosha kuvifufua. Vikishakauka navitupa kwenye shimo la choo cha zamani, hata lundo la mboji sivipeleki.

Mwaka wa kwanza nilijaza ndoo kumi na moja. Mwaka uliofuata nne. Sasa hivi nusu ndoo, na bado zipo. Atakayekwambia amezimaliza, mwombe muende mkaangalie wote.

Nilijaribu pia njia ya mkato: nikafunika eneo kwa nailoni nyeusi. Ndago ina ncha kama sindano, ikaitoboa nailoni na kutokea juu, nzuri, ya kijani kibichi, kana kwamba nimeiwekea mapambo. Kinachoisumbua kweli ni kivuli. Kwa hiyo pale nilipochimbua Februari, masika yakianza napanda marando ya viazi vitamu kwa kubanana. Mwezi na nusu baadaye ardhi haionekani, ndago chache zinazotoka zinakuwa nyembamba na za njano, na sisi tunakula matembele.

Sangari nayo ni hivyo hivyo, ila badala ya vitunguu ina mizizi mirefu myeupe inayotambaa chini kwa chini. Jua lile lile, uma ule ule. Tofauti ni kwamba sangari ukiipata kwenye udongo mkavu na laini unaweza kuivuta kamba nzima urefu wa mkono, na hapo kuna raha fulani ambayo siwezi kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kuipata.

Masika yakiingia, weka jembe ndani. Nasema hivi nikijua wazee wengi watanipinga, maana kwao mtu asiyelima wakati wa mvua ni mgonjwa au mgeni. Kwenye mahindi, sawa, palizi ni lazima. Lakini kwenye kiwanja cha nyumbani, mvua ikinyesha kazi yangu ni fyekeo tu. Nafyeka kabla majani hayajatoa maua, basi. Kishona nguo kwa mfano, kile kinachokuganda kwenye suruali na kukushonea mbegu hadi kwenye soksi: shina moja likiachwa likomae linatoa mbegu kwa maelfu. Ukilifyeka likiwa na maua tu, umejiokolea miaka. Ukilifyeka likiwa na mbegu nyeusi, umezisambaza. Yaani ni tofauti ya siku tu, na hizo siku ndizo mtu anasema "nitafyeka Jumapili ijayo."

Na kishona nguo kilichokomaa usikitie kwenye mboji. Mimi nilitia. Mboji za nyumbani mara nyingi hazipati joto la kuua mbegu, basi nikaja kuitandaza kwenye tuta la mchicha, nikavuna kishona nguo.

Kongwa peke yake halina msimu. Lile lenye maua ya buluu, mashina ya maji maji. Ukilifyeka, kila pingili iliyogusa udongo inaota mizizi. Ukilifukia, lina maua mengine yanayochanua chini ya ardhi na kuweka mbegu huko huko, jambo ambalo niliposikia nilikataa hadi nilipochimbua nikaona kwa macho. Mimi nalikusanya kwa mkono, natia kwenye kiroba, nampelekea jirani mwenye mbuzi na sungura. Kama huna jirani wa hivyo, lining'inize kwenye uzio. Litachukua wiki kadhaa kufa, lakini angalau halijagusa chini.

Nizungumzie ua wenyewe, maana hapa ndipo nimegombana na familia nzima. Sisi tumelelewa na uwanja uliofagiliwa. Asubuhi unasikia fagio za njiti nyumba hadi nyumba, na majani yakiota mtu anachukua jembe anaparura uso wa ardhi, anakwangua kila kitu. Panapendeza, sikatai. Lakini nenda kaangalie msingi wa nyumba ya zamani yoyote pale kijijini. Kwetu msingi ulikuwa umefunikwa nyumba ilipojengwa. Sasa mawe yanaonekana, na upande wa maporomoko ya maji ya bati pamekuwa mtaro. Udongo umekwenda kidogo kidogo, kila palizi na tope lake. Jembe linaulegeza, fagio linausukuma, mvua ya Aprili inaubeba hadi barabarani.

Mwishowe tulikubaliana hivi: mbele ya baraza na njia ya kwenda jikoni pafagiliwe kama kawaida. Pembeni na nyuma niliacha ukoka utambae, naufyeka ukifika kwenye kifundo cha mguu. Ukoka mfupi nyoka hapendi kukatiza kwa sababu hana pa kujificha, na udongo unakaa. Kaka yangu alisema nimeleta uwanja wa mpira. Mwaka huu ameniomba mbegu ya ukoka. Nimempa kiroba cha mizizi.

Tahadhari moja lakini: ukoka usiingie kwenye tuta la mboga. Hapo ni gugu kama gugu lingine, na ni king'ang'anizi. Kati ya ua na tuta nimechimba mfereji wa upana wa jembe, kila mwezi naupitia.

Chini ya michungwa nilifanya kosa la pili kwa ukubwa. Muheza ni nchi ya machungwa, na kila mtu anajua kuyachuma, ila si kila mtu anajua kuyapalilia. Mizizi inayolisha mchungwa iko juu juu, vidole vichache tu chini ya udongo. Nililima chini ya michungwa kwa nguvu zile zile za nyuma ya jiko, na miti miwili ikapukutisha majani, nikasingizia ugonjwa. Siku hizi chini ya kivuli cha mti nang'oa kwa mkono au nakwangua kidogo sana, kisha naweka matandazo ya majani makavu na magome ya migomba, unene wa kiganja kilichosimamishwa. Yasiguse shina. Acha duara wazi la upana wa shibiri, la sivyo gome linaoza, na wakati wa ukame mchwa wanafanya matandazo kuwa ngazi ya kupandia. Kama unaishi penye mchwa wengi, kiangazi yapunguze.

Kuhusu dawa ya kuua magugu nitasema kidogo, maana sina hamu. Niliuziwa dukani dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala kipimo, muuzaji akaniambia "vifuniko vitatu kwa bomba." Nikapiga saa kumi jioni na kaskazi inavuma. Magugu ya majani mapana yalinyauka kweli. Na mipapai yangu mitano, iliyokuwa mita ishirini mbali, ikakunja majani kama vidole vya mtu mwenye baridi, mitatu ikafa. Kama ni lazima utumie, nunua yenye kibandiko, usome, piga alfajiri upepo umelala, vaa mabuti na glavu, na usitegemee kwamba kongwa litakufa. Mimi nimerudi kwenye uma na fyekeo.

Vibarua. Kufyeka nawalipa kwa ngwe: napima kwa kamba, tunakubaliana, mtu anafanya kwa kasi yake. Kung'oa ndago silipi kwa ngwe hata siku moja. Mtu anayelipwa kwa ngwe atakukatia juu, atakwenda zake kabla ya saa nne, na huwezi kumlaumu kwa sababu umempangia hesabu hiyo wewe mwenyewe. Ndago ni ya kulipa kwa siku, na mwenye nyumba awepo, akiwa amepiga magoti upande mwingine wa tuta. Ukikaa barazani na simu, nao watakaa.

Saa za kazi kiangazi ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu, labda tatu na nusu. Baada ya hapo jua linafanya kazi yenyewe kwenye bati, wewe nenda kanywe uji. Jioni saa kumi na moja unarudi kidogo kugeuza. Na kabla ya kulala tia kichwa cha jembe kwenye ndoo ya maji: mpini ukikauka unasinyaa na jembe linaruka, ukiloweka usiku kucha mti unavimba na kukaza. Tupa ya kunolea iwe mfukoni, si stoo. Fyekeo butu ndilo linalovunja kiuno, watu wanasingizia umri.

La mwisho kabla sijaenda kuwasha moto. Usipalilie sehemu ya nyumbani bila kuuliza wanawake wa hapo nini ni nini. Mimi niling'oa kwa bidii kubwa majani fulani machungu yenye utomvu mweupe, kando ya njia ya kwenda kisimani, nikayatupa juani kwa fahari pamoja na ndago. Yalikuwa ni mchunga, kitoweo cha shangazi cha tui la nazi, aliokuwa akiuchuma pale tangu mama yangu akiwa msichana. Mnavu pia nilishaupeleka njia hiyo hiyo.

Hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, akachambua lundo langu kimya kimya, akaokota iliyokuwa bado mibichi. Bahati yangu mchunga nao una mizizi ya kutambaa. Masika yalipofika ukaota tena pale pale, na safari hii nimeuzungushia mawe.