Unakuja kufanya kazi Bethel, Alaska? Soma hii kabla hujakanyaga mto

Aisee kama umepata kazi Bethel au kijiji chochote cha mto Kuskokwim, ujue huku hakuna barabara ya kukutoa nje, ni ndege tu, na winta ikikolea mto wenyewe ndo unageuka barabara, magari yanapita juu ya barafu, hata teksi. Shida inakuja joto likiwahi. Mwaka 2019 liliwahi vibaya mno, kule Nenana, hukuhuku Alaska, kwenye mto Tanana watu wanabeti barafu itakatika lini tangu 1917, na mwaka huo ilikatika Aprili 14, haijawahi kuwahi hivyo.

Mi nikiona mvua imenyesha juu ya theluji gari napaki, basi, sibishani na mtu. Alama za matairi ya jana zisikudanganye, maana barafu ya mto inaliwa kwa chini na mkondo, hasa kwenye kona na pale kijito kinapoingilia, halafu theluji inalifunika shimo vizuri kabisa huoni kitu. Wenyeji wa Kiyup'ik wanatembea na fimbo yenye ncha ya chuma, anagonga mbele yake kila hatua chache, ikilia ko! anaenda, ikizama anarudi alikotoka bila maneno mengi. Barafu ya bluu iliyo safi ndo ngumu, nyeupe nguvu yake kama nusu tu, ya kijivu achana nayo. Wanasema unene wa inchi 4 kwa mtu wa miguu na 8 mpaka 12 kwa gari dogo, ila hiyo ni ya bluu tupu, na joto likishaingia mi hata hizo inchi siziamini sana. Ukiona matawi yamesimikwa katikati ya mto ujue watu wa uokoaji wamekuwekea alama ya shimo, usiende kuchungulia.

Ukilazimika kupanda gari la mtu, mkanda fungua, vioo shusha, ili likizama utoke upesi.

Ukizama dakika ya kwanza tuliza pumzi tu, mikono itakutii kama dakika 10 hivi, geukia ulikotokea maana ndiko barafu ilikubeba, piga miguu kama unaogelea, ukitoka usisimame, biringika. Barafu inateleza balaa kwahiyo vaa shingoni vile vichomeo viwili vya kushikia, vyenye ncha ya chuma unavyochoma kwenye barafu ujivute, na kama hujavipata chukua bisibisi mbili fupi uzifunge kamba.