Meli ya Kufagia Mabomu Isiyofagia: Kwa Wanaoanza Kuandika Historia za Meli

Mwambie mtu mpya achague meli ya kuandikia historia, mara nyingi atakimbilia manowari kubwa kama Hood au Warspite, ambazo zimeshaandikwa na kila mwenye kalamu. Mimi nasema chukua chombo kidogo: meli ya kufagia mabomu, yaani ya kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini, ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza, hasa za lile kundi la Hunt lililoanza kujengwa 1916, kisha uifuate tangu mwisho wa vita vya kwanza hadi mwanzo wa vya pili. Zilikuwa meli za makaa ya mawe, urefu wa mita 70 hivi, kasi ya maili za baharini 16 kwa saa, na moshi mwingi hata mabaharia wakazibandika jina la Smokey Joe. Zinafaa kujifunzia kwa sababu utalazimika kuchimba mwenyewe. Wa kunakili kwake ni wachache.

Kabla hujagusa karatasi, hakikisha unajua unamtafuta nani. Jina Hunt limetumika kwa makundi matatu ya meli. Chukua meli iitwayo Quorn, iliyokuwamo katika yote matatu. Quorn ya kwanza ni mfagia mabomu wa 1916, akauzwa 1922 wakati serikali ikibana matumizi. Quorn ya pili ni manowari ya kusindikiza misafara iliyozinduliwa 1940 na kuzama Agosti 1944. Ya tatu ni ya 1988, ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, kazi yake kusaka mabomu. Usishangae kukuta picha ya ya pili imebandikwa juu ya maelezo ya ya kwanza. Tazama dohani, mizinga na mwaka wa picha kabla ya kuamini maandishi ya chini yake.

Halafu kuna kubadilishwa majina. Meli za awamu ya pili, zinazojulikana kama kundi la Aberdare, zilikusudiwa kupewa majina ya miji ya pwani. Wakubwa wakaona hatari yake: ujumbe ukifika kwamba Ventnor iko matatani, ni mji au ni meli? Nyingi zikapewa majina ya miji ya bara. Basi iliyokuwa iitwe Ventnor ikawa Verwood, kisha ikageuzwa meli ya kupima bahari na kuitwa Crozier, na 1922 ikakabidhiwa Afrika Kusini ikawa Protea. Meli moja, majina manne. Protea na meli mbili ndogo za kijeshi za muundo wa meli za uvuvi, Sonneblom na Immortelle, ndizo zilizoanzisha jeshi la majini la nchi ile. Ilirudishwa Uingereza 1933. Anayetafuta kumbukumbu zake Uingereza peke yake atakutana na pengo la miaka 11 na kudhani meli ililala bandarini, kumbe ilikuwa ikichora ramani za pwani ya Afrika Kusini. Dada zake nao walipita njia hiyo: Pinner ikawa Fitzroy, Uppingham ikawa Kellett. Andika majina yote kwenye karatasi moja na uende nayo kila unakokwenda.

Sasa tarehe. Usianze kipindi cha amani tarehe 11 Novemba 1918. Kwa wafagia mabomu vita havikuisha siku ile, maana mabomu hayasomi mikataba. Katika uzio mmoja tu, ule wa Bahari ya Kaskazini kati ya Scotland na Norway, yalitegwa zaidi ya 70,000, mengi yakiwa ya Wamarekani, ambao walirudi 1919 wakaweka kituo Kirkwall kuyaondoa. Penarth ililipuka Februari 1919, Cupar Mei, Kinross Juni, na zote tatu ni za kundi la Hunt. Mwezi huohuo wa Juni, Sword Dance ikazamishwa na bomu katika mto Dvina huko Urusi, na Fandango ikaifuata siku chache baadaye. Wale waliokufa walikufa wakati magazeti yameshaandika kuhusu amani. Kwa hiyo orodha yako ya vifo isiishie 1918.

Jifunze pia jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, la sivyo hutaelewa unachosoma. Mwanzoni meli mbili zilienda sambamba zikiburuta waya mmoja kati yao. Baadaye ukaja mtambo wa Oropesa, uliopewa jina la meli ya uvuvi ambayo ulijaribiwa nayo: meli moja inaburuta waya wake yenyewe, boya likiushikilia juu upande wa mbali, na mbao za kuelekeza zikiuvuta pembeni na kuuzuia kwenye kina kinachotakiwa. Waya unakata kamba ya bomu, bomu linaibuka, mabaharia wanalipiga risasi kutoka mbali. Ukikuta siku nzima ya kwenda mbele na nyuma mstari uleule kwa mwendo mdogo, utajua walikuwa wakifanya nini hata kama afisa hakusema.

Lakini siku kama hizo zitakuwa chache, na hapa wengi hukata tamaa. Baada ya usafishaji ule, mfagia mabomu alikuwa na kila kazi isipokuwa yake. Njoo China mwaka 1931. Marazion, ya kundi la Aberdare, ilikuwa huko ikihudumia nyambizi. Tarehe 9 Juni nyambizi Poseidon ilikuwa juu ya maji ikifanya nayo mazoezi, kama maili 20 kaskazini ya Weihaiwei, ilipogongana na meli ya mizigo ya Kichina, Yuta. Watu 31 waliwahi kuruka majini kabla nyambizi haijazama kina cha mita 40 hivi. Wengine walibaki chini, na baadhi yao wakatoka kwa vifaa vya kupumulia vya Davis, ambavyo ndiyo kwanza vilikuwa vimeingia jeshini. Kisa hiki kimeandikwa sana, ila kimeandikwa kama kisa cha Poseidon. Ukitafuta jina la Marazion peke yake utapata mistari michache mikavu. Fungua mafaili ya nyambizi, na utaikuta meli yako imesimama pembeni ya ukurasa.

Miezi mitano baadaye, hukohuko China, Petersfield ilikuwa imemchukua Admirali Sir Howard Kelly, mkuu wa meli za Uingereza huko, ilipopanda miamba ya kisiwa cha Tung Yung, nje ya pwani ya Fujian, tarehe 11 Novemba. Meli iliyojengwa kufagia mabomu ikafa ikiwa gari la mkubwa. Mahakama ya kijeshi ikafuata. Karatasi za mahakama ni utamu kwa mtafiti, kwa kuwa kila dakika inaulizwa: nani alikuwa zamu, usukani ulielekezwa wapi, nani aliona nini. Zisome kwa uangalifu tu. Kila shahidi mle ana ajira ya kulinda, na admirali akiwa ndani ya meli maneno ya watu huwa na adabu kupita kiasi.

Daftari la safari la meli ndilo litakalokuchukulia muda mwingi. Madaftari haya yako Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa, chini ya alama ADM 53. Unaingia na kadi ya msomaji, penseli badala ya kalamu ya wino, na kamera yako, kwani kupiga picha mwenyewe hakuna malipo. Agiza mapema. Ukurasa wa siku una safu za saa, mwelekeo, upepo, kipimo cha hewa, na hali ya anga kwa herufi: b ni anga la buluu, c mawingu, o anga limefunikwa lote, r mvua. Pana idadi ya wagonjwa na makaa yaliyopakiwa. Wanaoanza huruka haya wakimbilie safu ya maelezo. Usiruke. Wagonjwa wakipanda ghafla meli ikiwa bandarini, pana homa au pana baa ya pombe. Makaa mengi kupakiwa siku moja bila sababu iliyotajwa maana yake kuna safari ndefu inakuja, na nahodha anajua kabla ya daftari kujua.

Miaka ambayo meli iliwekwa akiba, ikiwa na walinzi wachache tu, iandike kwa sentensi moja na uendelee. Kishawishi cha kuijaza kwa siasa za dunia ni kikubwa. Msomaji amekuja kwa ajili ya meli.

Na ukifika Septemba 1939, angalia kwanza kilichofuata kabla ya kufunga faili. Widnes, iliyozinduliwa 1918, ilipigwa na ndege Mei 1941 katika ghuba ya Suda, Krete, ikapandishwa ufukweni. Kumbukumbu za Kiingereza zinaiacha hapo. Wajerumani waliiinua, wakaitengeneza, wakaiita UJ 2109, nayo ikazamishwa na Waingereza wenyewe karibu na Kalymnos mnamo Oktoba 1943. Jina hilo nalo liongeze kwenye ile karatasi yako.