Biskuti za chokoleti na minti kwa joto letu la Mtwara, resipi za mtandaoni usizifuate kichwakichwa

Krismasi inakaribia na kila nikikatiza Shangani au nikikutana na mtu sokoni Chuno swali ni lilelile, dada zile biskuti zako za chokoleti zenye minti unafanyaje mpaka zinasimama, mbona zangu zinatandazika kwenye trei kama chapati? Basi ngoja nijibu mara moja kwa wote.

Mikono yenu haina shida jamani, na unga hauna shida. Shida ni kwamba resipi nyingi hizi zimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, minti na chokoleti kwao ni vitu vya Krismasi ya baridi kali, na ukisoma utaona wanakwambia siagi iwe kwenye joto la chumba. Chumba gani? Cha kwao ni nyuzi 20 hivi! Huku kwetu Desemba nje ni nyuzi 30 na bado, jikoni jiko limeshawaka, unyevu wa bahari juu, na siagi ya ng'ombe yenyewe inayeyuka nyuzi 32 mpaka 35, kwahiyo ukiiacha mezani ilainike hapo hulainishi tena, unayeyusha. Donge likiingia kwenye moto mafuta yake yakiwa yameshayeyuka linakimbia pande zote kabla unga na yai havijashikana. Likiingia la baridi mafuta yanachelewa kulegea, biskuti inapata muda wa kushika umbo. Siri yote iko hapo, ukikosa friji na ukikosa barafu usianze siku hiyo.

Vipimo vyangu ni hivi: unga wa ngano gramu 250, kakao gramu 50, siagi gramu 170, sukari gramu 180, yai moja, soda ya kuokea nusu kijiko cha chai, chumvi robo kijiko. Siagi itoe ikiwa bado ngumu, ikate vipande vidogo, ichanganye na sukari kwa mwiko mpaka vikubaliane tu, usiipige sana maana ukiipiga sana unaingiza hewa na unaipasha joto bure. Tia yai, halafu vile vikavu ulivyochekecha pamoja. Donge liviringe liwe gogo nene la kushikika kwa mkono mmoja, lifunge na nailoni, liingize kwenye friza masaa mawili au lala nalo usiku mzima. Siku ya kuoka unakata kwa kisu slesi za unene wa kidole, unapanga kwenye trei, moja kwa moja motoni. Gogo likilegea katikati ya kukata, lirudishe kwenye baridi, usilionee huruma.

Huna friji? Mimi nishafanya kwa ndoo na barafu za mfuko. Unaponda barafu, unarushia chumvi ya mawe kiganja kimoja ili baridi iwe kali zaidi, donge unaliweka kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, unalizika katikati ya barafu na unafunika ndoo kwa kanga nzito au gunia. Linakuwa gumu kabisa, na hata umeme ukikatika mchana kutwa haikuhusu.

Sasa minti, na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri kwasababu watu wanaharibu. Arki ya minti ni kali mno kuliko vanila, ukizoea kumimina vanila kwa kijiko kizima ukafanya hivyo na minti utakula dawa ya meno. Anza na robo kijiko cha chai kwa vipimo hivyo hapo juu, itie kwenye siagi na sio kwenye unga, mafuta yanaishika ile harufu na kuisambaza vizuri. Halafu soma kichupa, arki nyingi zimetengenezwa kwa pombe, na sisi Mtwara sahani ya Krismasi haiishii kwa Wakristo, inavuka ukuta kwenda kwa jirani ambae na yeye Idi anakuletea pilau. Tafuta isiyo na pombe, mpelekee jirani kitu anachoweza kula na moyo mweupe. Na tafadhali sana, yale mafuta ya minti ya kuchua kifua na yale ya vipodozi hayaliwi, kama kichupa hakijaandikwa ni cha chakula achana nacho.

Usipopata arki kabisa chuma nanaa, ile ya kwenye chai. Yeyusha siagi moto mdogo, tumbukiza majani kiganja kizima yaliyooshwa na kukaushwa vizuri, yaache nusu saa, chuja, halafu siagi irudishe kwenye baridi mpaka igande tena ndo uanze kazi. Haina ule ubaridi wa puani, ni ladha ya upole zaidi, na mimi kiukweli naipenda kuliko ya kichupa. Pipi kifua za kusaga watu wananiuliza pia, weka ukitaka lakini nyunyizia zikishatoka motoni na mle siku hiyohiyo, kwa unyevu wa huku kesho yake zinanata.

Kakao iwe ya unga mtupu, chungu, sio ile ya kunywa iliyochanganywa sukari. Vipande vya chokoleti mimi siweki, ni ghali na kwa joto hili vinayeyuka mpaka mikononi mwa watoto. Naweka korosho! Msimu wenyewe si ndo huu, tafuta zile zilizovunjika bei yake ni chini kuliko nzima na kwenye biskuti hakuna anaejua tofauti, zikaange kidogo, ziponde, changanya kiganja kimoja. Korosho na kakao na minti, aisee.

Oveni weka nyuzi 175, dakika 10 mpaka 12. Kwa mkaa, sufuria kubwa yenye mchanga chini, ipate moto kwanza, trei ikae juu ya vijiwe isiguse mchanga, makaa mengi juu ya mfuniko na chini machache sana maana biskuti ni nyembamba, inaungua tumbo kabla uso haujaiva. Rushia chembe ya unga kwenye trei tupu, ikigeuka rangi taratibu moto uko sawa, ikiwa nyeusi papo hapo toa makaa. Rangi haitakusaidia kujua zimeiva kwasababu ni nyeusi tangu mwanzo, gusa pembeni, pakiwa pameshika na katikati bado panabonyea epua. Ziache kwenye trei dakika tano usizing'ang'anie, zinakazika zenyewe zikipoa.

Zipoe kabisa kabla ya kufunga, kopo la kubana, na kopo lake peke yake, usizichanganye na za vanila au za nazi, usiku mmoja tu kopo zima litanuka minti. Gogo bichi linakaa friza wiki tatu bila shida, kwahiyo tengeneza mapema Desemba, uoke tarehe 23 au 24 wakati nyumba ina wageni na hutaki kuhangaika. Walioko Newala huko juu uwandani jioni kuna kaubaridi, okeni usiku, kukata kwenu kutakuwa rahisi kuliko sisi wa pwani. Wa Lindi mjini na Mikindani, ndoo ya barafu iwe karibu na meza muda wote mnaokata.