Barua kwa mwanangu: ile nafasi ni ya mlango

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, na asubuhi nikamsomea baba yako. Umeniuliza jambo moja tu. Una mimba ya miezi saba, ukaegesha pale supamaketi kwenye nafasi za wazazi wenye watoto wadogo, zile zilizochorwa mtu mzima na mtoto, na baba mmoja aliyekuwa akisukuma kigari cha mapacha akakuuliza mbele za watu, "Mtoto wako yuko wapi?" Ukarudi garini, ukaondoka bila kununua ulichofuata. Unataka kujua kama wajawazito wana haki ya kuegesha pale au hawana. Baba yako alijibu hata sijamaliza kusoma: "Haki anayo, tena kamili." Mimi nilinyamaza, na wewe unajua mama yako akinyamaza maana yake nini.

Kabla ya haki kuna mlango. Najua utasema mama kaanza tena, maana wewe na kaka yako mmenisikia nikilisema hili tangu mkiwa mnakaa viti vya nyuma. Nitalisema tena. Ile nafasi ni ya mlango. Watu wanadhani imewekwa karibu na duka kwa ajili ya kuwahurumia wazazi, wasitembee sana. Ukaribu unasaidia, sikatai, hasa kwa mtoto mdogo anayetembea, kwa sababu dereva anayerudi nyuma hamwoni. Lakini kilichoifanya ichorwe kwa namna yake ni upana. Uingereza, kwa mfano, nafasi ya kawaida huchorwa kwa upana wa mita 2.4, na magari mengi ya siku hizi yana upana wa mita 1.8 au zaidi. Yakikaa mawili katikati kabisa ya mistari yake, kinachobaki kati yao ni sentimita 60. Humo ndimo mzazi afungue mlango, ainame, apinde kiuno, aingize mikono yote miwili ndani, afungue mikanda ya kiti cha mtoto kinachotazama nyuma na amtoe mtoto bila kumgonga kichwa. Haiwezekani. Ndiyo maana nafasi ile ni pana.

Sasa tumbo la miezi saba nalo linapita wapi?

Nikueleze habari ya lile gauni la vitone, ulilolichukua ulipohama. Uliwahi kuniuliza kwa nini kifungo cha tatu si cha rangi moja na vingine, nikakwambia kilipotea. Hakikupotea. Kimo ndani ya kopo la uzi mpaka leo.

Ilikuwa mimba yako, mwezi wa nane. Kaka yako nilikuwa nimemwacha kwa bibi yenu. Nilipofika kwenye maegesho, nafasi za wazazi na watoto zilikuwa nne na mbili zilikuwa tupu. Niliziona. Nikazipita, kwa sababu nilijiambia sina mtoto garini, na mimi ni mtu wa kufuata kibao kinavyosema. Nikaenda kuegesha pembeni ya nguzo. Niliisogelea nguzo kwa makusudi, upande wa abiria, ili upande wangu ubaki na nafasi ya kutosha. Nikajiona nina akili.

Niliporudi, kulikuwa na gari jingine upande wangu, limekaa mshazari, limeukanyaga mstari. Kati yake na mlango wangu palikuwa na upana wa shubiri mbili. Upande wa pili ni nguzo. Nikakunja kioo cha pembeni. Nikafungua mlango mpaka ukagusa lile gari, nikajaribu kuingia kwa ubavu. Mguu uliingia, bega liliingia, tumbo likakataa. Nikatoka, nikajaribu kuingia kinyumenyume. Hapo ndipo kifungo kiliponasa kwenye kitasa, kikakatika, kikabingirika chini ya gari la jirani. Sikuweza kuinama kukifuata. Nilisimama pale nimeshika gauni lisifunuke, na wewe unanipiga mateke kana kwamba kosa ni langu.

Nilisimama dakika 40. Niliangalia saa. Mimi ni mkunga, nilijua fika kwamba mjamzito akisimama muda mrefu damu huzama miguuni na anaweza kupata kizunguzungu, na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimewakalisha kina mama kliniki nikiwafundisha namna ya kufunga mkanda wa gari: kipande cha chini kipite chini ya tumbo, juu ya nyonga, na cha juu kipite katikati ya matiti. Nikawaza kwamba nimewafundisha kufunga mkanda lakini sikuwafundisha kuingia garini.

Ndipo mwenye gari akaja. Mwanamke mdogo kuliko mimi, toroli mkono mmoja, na kwenye kiwiko cha pili amening'iniza kiti cha mtoto, kile cha kubeba kwa mpini, mtoto amelala ndani. Blauzi yake ilikuwa na doa la maziwa. Sikumngoja afike. Nilimwambia, na watu wakasikia, "Wewe leseni ulipewa na nani? Kama kuendesha gari kumekushinda, kaa nyumbani na mtoto wako."

Hayo maneno nimeyaandika kama nilivyoyasema, mwanangu, sikuyapunguza.

Hakunijibu kwa hasira. Alisema, "Samahani dada. Zile nafasi zilikuwa zimejaa. Mtoto anakaa upande ule, nisingeweza kumtoa." Nikaangalia. Kiti kilikuwa upande wa mbali na wangu, na kule alikuwa amejiachia upana wa kutosha mlango ufunguke wote. Upana huo alikuwa ameuchukua kwangu. Kisha nikamwangalia yeye mwenyewe, sasa kwa macho ya kazi: amejikunja kidogo mbele, hatua fupi, mkono umelalia chini ya kitovu. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji, na haukuwa umepita muda mrefu. Watu wa namna ile ndio tunaowaambia wasinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wao. Na kile kiti kilikuwa kizito kumzidi mtoto aliyelala ndani yake.

Akakitua chini. Akapiga magoti taratibu, akashika mlango wa gari lake kwa mkono mmoja, akaingiza mwingine chini ya gari na kutoka na kifungo changu. Akanipa. Nilikipokea. Sikusema asante. Alipoondoa gari niliingia langu, nikaenda nyumbani, na usiku nilipotaka kukishona mkono haukukubali. Nikashona kingine.

Tangu siku hiyo nimepiga hesabu ile mara nyingi. Kama ningeegesha kwenye moja ya zile mbili tupu, ningeshuka na kupanda vizuri, kifungo kingebaki mahali pake, na yule mama nisingemtukana. Hapo nakuwa upande wa baba yako. Halafu najirudi: mimi ningekuwa nimepata, lakini yeye angefika akute zimejaa vilevile, na mimi ndiye niliyezijaza. Angelazimika kumtoa mtoto pembeni ya ile nguzo. Na yeye alikuwa na mahitaji zaidi yangu, hilo silipingi. Kisha najirudi tena: zaidi yangu, sawa, lakini mimi sikuwa sina. Tumbo halikupita! Na waliozijaza zile mbili baada yangu ni nani? Sikuwaona. Huenda ni wazazi wenye watoto wachanga. Huenda ni mmoja aliyekuwa na binti wa miaka 11 anayefungua mlango mwenyewe na kuruka nje, kwa maana naye ni mzazi na yule ni mtoto, na kibao hakimzuii. Huyo ndiye anayenikera kuliko mjamzito yeyote. Ukitazama nani anahitaji mlango, mjamzito wa miezi minane anamtangulia mbali.

Nilidhani wenye kutunga sheria wamelimaliza jambo hili, nikakuta kila mahali wamelishika kivyao. Italia, tangu 2021, sheria ya barabarani inaziruhusu manispaa kutenga nafasi kwa wajawazito na wazazi wa watoto wasiozidi miaka miwili, wote pamoja, kwa kibali maalumu. Hiyo naipenda, kwa sababu wametambua kwamba mlango ni uleule kabla ya kujifungua na baada yake, na wameweka umri ambao mzazi anaacha kuuhitaji. Florida, Marekani, tangu Julai 2025 mjamzito anaweza kuomba kibali cha muda cha kutumia nafasi za watu wenye ulemavu. Hiyo siipendi. Anayeshuka kwa kiti cha magurudumu hana siku yenye nafuu, na nafasi zake ni chache tayari. Uingereza nafasi za watu wenye ulemavu zina kibali chake rasmi, lakini za wazazi na watoto kwenye maduka zinafuata masharti ya mwenye eneo. Wengine wanaandika kabisa kwamba wajawazito wanakaribishwa, wengine wanataka mtoto awepo. Kwa hiyo kitu cha kwanza, soma kibao. Kikiwa kimya, ingia ukaulize dukani. Swali lile linajibiwa na mwenye duka, halijibiwi na baba wa mapacha.

Na huyo baba usimchukie. Nimemfikiria sana tangu juzi. Mapacha wana viti viwili, na viti viwili ni milango miwili, kushoto na kulia. Yeye hata nafasi pana ya upande mmoja haimtoshi. Huenda alizunguka maegesho mara tatu, wote wawili wanalia, akakuona unashuka peke yako na gauni la kupwaya lisiloonyesha kitu. Alikosea kukuuliza vile, mbele za watu, na nasema hivyo mimi niliyesema mabaya zaidi kumzidi. Lakini hakukosea kuwa na shida. Ningekuwa mimi, ningemwambia, "Yumo tumboni, na mlango ukiwa mwembamba sitoki." Halafu kama kweli siku hiyo natoka bila taabu, ningempisha.

Hapo ndipo swali lako linaponishinda. Baba yako anataka nikuandikie ndiyo, kwa herufi kubwa. Ulimi unaniwasha kuliandika, nakiri. Wewe ni mwanangu, na aliyekufukuza dukani ukiwa na njaa na mimba angenikuta pale angelisikia. Lakini nikisema ndiyo kwa wajawazito wote, namweka humo mwenye mimba ya miezi miwili anayekimbia ngazini, na nikisema hapana, najiacha mwenyewe nimesimama pale nimeshika gauni. Sitasema. Siku yenyewe ikiwa nzuri, tafuta nafasi ya kawaida ya mwisho wa mstari, yenye ukingo wa barabara au bustani upande wako wa dereva, ambako hakuna atakayekuja kukubana. Usiegemee nguzo kama mimi. Mume wako akiwepo, akushushe kwanza mlangoni kwa duka ndipo aende kuegesha. Siku ikiwa mbaya, kama kibao hakikatazi, egesha pale, na usikimbie.

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo kubwa, nawe umelipitisha kama si kitu. Umeandika, "nilishuka nimeshikilia mlango maana mguu ulikataa kidogo." Ulikataa vipi? Takribani mjamzito 1 kati ya 5 hupata maumivu ya maungio ya nyonga, na wengi wanadhani ni uchovu tu, wanavumilia mpaka wanashindwa kupanda kitanda. Nimewaona wodini kwa miaka 31. Dalili yake moja ni hiyo: kutenganisha miguu, kukanyaga mmoja baada ya mwingine, kutoka garini, kugeuka kitandani, kupanda ngazi. Usishuke kwa kutanguliza mguu mmoja. Kaa, bana magoti pamoja, zungusha mwili mzima mpaka nyayo zote mbili ziguse chini, ndipo usimame. Ukitandika mfuko wa plastiki juu ya kiti utazunguka kwa urahisi zaidi, ila uutoe kabla ya kuondoa gari, usije ukateleza ukifunga breki. Na utaona mwenyewe kwamba kuzunguka hivyo kunataka mlango uliofunguka wote.

Usingoje tarehe ya kliniki. Nenda wiki hii, waambie wakupime nyonga na wakuelekeze kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Na unijibu kabla hujaenda: ukisimama kwa mguu mmoja kuvaa suruali, maumivu yanakaa wapi, mbele juu ya kinena au nyuma kiunoni? Upande mmoja au pande zote? Baba yako anasema nikupigie simu tu. Nataka uandike, maana kwenye simu utaniambia hujambo.

Mama yako