Dada anataka tumalize pamoja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, nauza vipuri vya pikipiki hapa Buzuruga, Mwanza. Dada yangu mkubwa ni muuguzi, na ameshakimbia nusu marathoni mara mbili. Sasa anataka Februari twende Moshi tukakimbie marathoni nzima, "tuanze pamoja, tumalize pamoja." Mimi mbali kabisa nilikowahi kufika ni kilomita 12, na siku hiyo nilishinda nimelala. Nimkubalie, au kila mtu akimbie kivyake? Nisikufiche, naona aibu kuachwa na dada mbele za watu.
Msomaji, Buzuruga

JIBU: Marahaba. Hilo la aibu tulimalize kwanza. Mwaka 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wetu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa kumtangulia Mjerumani sekunde 0.03 tu, baada ya kilomita 42 na mita 195. Ninyi wawili hamtagombania picha ya mstarini, mdogo wangu. Ukiachwa umeachwa, na kwenye kilima cha Mweka, pale njia ya mbio za Moshi inapopanda, kila mtu ana shida zake, hakuna wa kukutazama.

Swali lako lenyewe nalijua kwa miguu yangu. Marathoni yangu ya kwanza nilikimbia na mdogo wangu wa kike, Moshi hiyohiyo, nikiwa na miaka 44. Tuliahidiana bega kwa bega, tukaishia hapo, hatukuulizana bega kwa bega mpaka lini. Nusu ya kwanza ikatudanganya. Barabara tambarare, kijua hakijakaza, watu wanataniana. Kisha njia ikageuka kupanda Mweka. Mwenzangu ni mwepesi, akawa ananisubiri, nami namsikia anavyohema taratibu kama mtu anayetoka gengeni na mfuko wa nyanya. Nikamwambia nenda. Akasema tuliahidiana. Nikamwambia nenda, kwa sauti ambayo mbele ya mama nisingethubutu. Akabaki. Tena alipoona sina hata pumzi ya kubishana, akafungua habari ya shamba la marehemu baba kule Magu, jambo nililolikwepa miaka mitatu mizima. Nilikuwa katikati ya mbio na sina pa kukimbilia.

Kwa hiyo mkubalie, lakini kaeni kwanza kwenye chai muyaongee. Mwendo uwe wako wewe uliye mzito. Yeye akikufuata anachelewa tu, ila wewe ukimfuata yeye utazima. Ukienda dakika saba kwa kila kilomita utamaliza chini kidogo ya saa tano, lakini kile kilima hakitakuacha uzishike hizo saba, basi usijitangazie muda mtaani. La pili: ukizima kwenye kilomita ya 30, yeye aende au abaki? Akujibu sasa, ameketi. Ningekuwa wewe ningemruhusu aende, akanisubiri mwishoni na soda na kandambili zangu. Kandambili usizisahau, mimi kucha mbili zilinitoka na viatu sikuvivaa siku nne.

Kwa nini kilomita ya 30? Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kwa wengi wetu akiba hiyo huanza kukauka kwenye kilomita hizo. Ndiyo maana unakula njiani kabla hujasikia njaa. Wengine wananunua vile vipakti vitamu vya wanariadha. Sisi Wasukuma tuna matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Mimi nilitia vipande kumi mfukoni na vilinifaa sana, ila ni vikavu, uvile kwenye meza ya maji, la sivyo vitakukaba. Na maji yenyewe unywe kwa kiu. Kuyabugia kila unapoyaona kunaweza kushusha chumvi kwenye damu mpaka mtu akaanguka. Muulize dada yako, hilo ni la kazini kwake.

Kutoka sasa una kama wiki 20, zinatosha. Siku moja kwa juma kimbia mbali, ukiongeza kilomita mojamoja au mbilimbili, na kila baada ya juma la tatu upunguze ili miguu ipone. Ukifika 30 inatosha. Hiyo 42 usiijaribu nyumbani. Mbio ndefu ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya siku yenyewe, halafu ushuke. Kwenye hizo mbio ndefu nenda polepole mpaka uweze kumjibu dada yako sentensi nzima. Ukianza kumjibu "mh" na "eeh", umezidisha.

Kuhusu njia ya mazoezi, achana na barabara ya Igoma na Kisesa inayopita mlangoni kwako, malori yatakupulizia moshi mpaka ukome. Panda daladala saa kumi na moja alfajiri mkaanzie Kirumba, mwelekee Pasiansi na Ilemela hadi uwanja wa ndege. Siku nyingine moja ya juma nenda Capri Point ukapande na kushuka, au kilima cha Bugando, ambacho dada yako huenda anakijua kuliko wewe. Mwanza imejaa miamba na vilima, halafu kuna watu wanakwenda Mweka wakashangae mlima! Ukimaliza mazoezi usiende kutumbukiza miguu ziwani eti unaipoza. Kichocho kipo. Ndoo ya maji ya bomba inatosha.

Na mkubaliane pia mambo gani hayazungumzwi baada ya kilomita ya 25. Lile shamba la Magu mpaka leo hatujaligawana, na juzi mdogo wangu kanipigia simu anauliza kama Februari nipo.